Nini kiliwafanya mchague kilimo? Nataka jibu la kweli niwapelekee wanafunzi wangu

Mwalimu wa Baiolojia
Habari zenu wadau. Nafundisha baiolojia, na mwaka huu nimepewa pia kazi ya kuwashauri wanafunzi wa mwaka wa mwisho kuhusu kozi za kwenda kusoma. Niliwapa karatasi waandike chaguo la kwanza. Udaktari wengi, sheria wengi, kompyuta ndo usiseme, kilimo wakaandika wawili tu darasa zima. Nikawaita mmoja mmoja. Wa kwanza akaniambia mwalimu mimi nimekulia shambani, kila mwaka naona wadudu wanavyotoboa mavuno ghalani na baba hana la kufanya, nataka nijue dawa yake. Huyo nilimwelewa. Wa pili ndo kanichanganya kabisa maana kwao ni gorofani, shamba analiona kwenye simu, ila aliwahi kuotesha mbegu kwenye kopo dirishani akaona mche unapinda kufuata mwanga, akageuza kopo, kesho yake umepinda tena upande wa pili, na tangu hapo anasema hataki kitu kingine.

Sasa nyie mliosoma kilimo au mna watoto wanaosoma, nini hasa kiliwavuta? Nataka niwaambie wengine kitu cha kweli, sio yale maneno ya kwenye mabango kwamba kilimo kinalisha taifa, wameyasikia tangu wadogo na hayajamsogeza mtu.

Mtu wa Udongo
Mwalimu asante kwa hili swali. Mimi naweza kukuonyesha mpaka dakika yenyewe. Tulipelekwa bustanini tukaambiwa tung'oe shina la maharage lakini tusivute, tuchimbe pembeni taratibu mizizi itoke na udongo wake, alafu tuisuuze kwenye ndoo. Nikaona vifundo vidogo vidogo mizizini kama vichwa vya njiti za kiberiti, nikajua tu huu mmea unaumwa. Mwalimu akasema pasua kimoja kwa ukucha. Ndani pinki, kama nyama mbichi! Akatuambia humo wanaishi bakteria, wanachukua naitrojeni ya hewani wanaupa mmea na mmea unawalipa sukari, na hiyo rangi inatokana na protini ambayo ni ya jamii moja na ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Hewa karibu asilimia 78 ni naitrojeni na mmea wenyewe hauwezi kuitumia bila kusaidiwa, fikiria unazungukwa na chakula kila upande na mdomo huna. Na ukipasua ukakuta kijani au kijivu basi hao bakteria hawafanyi kazi, yaani mkulima kwa ukucha wake tu anajua hali ya shamba. Wiki ile nyumbani niling'oa mashina mpaka mama akanifukuza shambani. Mabango hayakunifanya lolote, ni kile kifundo.

Mama wa Watatu
Mimi naongea kama mzazi maana wazazi ndo tunazuia wengi na hatusemi. Wa kwangu wa pili alipotaja kilimo nilikataa siku hiyo hiyo, nikamwambia mimi nimeinama shambani miaka yote hii ili wewe usishike jembe alafu unaniambia unalirudia? Alilia. Baadae dada mmoja mtaalamu wa kilimo alikuja kupima udongo wetu, akachukua udongo sehemu kama 15 za shamba, akachanganya kwenye ndoo safi, akaweka kimfuko kimoja akaandika lebo, na jibu lilipokuja ndo nikajua udongo una asidi nyingi, mbolea niliyokuwa nanunua kwa shida sehemu kubwa mimea haikuweza kuitumia, ilitakiwa kwanza niweke chokaa. Miaka yote hiyo. Nikamwangalia yule dada nikamwona mwanangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa umaskini nikauita kilimo. Kwa hiyo mwalimu usiongee na watoto peke yao, waite na wazazi, na waonyeshwe mtu anayeishi vizuri kwa hiyo elimu, mzazi haridhiki kwa maneno.

Mganga wa Ng'ombe
Ngoja niseme na upande wetu sisi ambao hatukuchagua. Alama zangu hazikutosha udaktari wa watu, nikapangiwa mifugo, na mwaka wa kwanza wote mtu akiniuliza nasoma nini najibu sayansi basi. Kilichonigeuza ni mazoezi ya vitendo. Kulikuwa na ng'ombe anazaa tangu usiku, kinachoonekana ni pua na mguu mmoja, mguu wa pili wa ndama umekunjika nyuma. Mkufunzi akasema wewe una mkono mwembamba, ingiza. Unamsukuma ndama arudi ndani kidogo kwanza, unatafuta kwato, unaifunika yote kwa kiganja isije ikachana kizazi, ndo unauleta mguu mbele. Mkono ulikufa ganzi mpaka begani. Akatoka kimya, tukadhani amekufa, tukamchokonoa pua kwa unyasi akapiga chafya akaanza kuhema. Tangu siku hiyo nikiulizwa nasoma nini natamka jina la kozi lote. Na ndo nikaanza kusoma kwa hamu, nikajua kwamba sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe mabara kwa mabara, ulitangazwa umetokomezwa duniani 2011, ni wa pili tu baada ya ndui, na kazi hiyo wameifanya watu wa fani yangu.

Swali kwako mwalimu, hapo shuleni bustani mnaitumia kwa kazi gani?

Jani Bichi
Mimi ni wa gorofani kama huyo mwanafunzi wako wa pili. Mwache asome. Nilisoma mahali kwamba Norman Borlaug alipewa Nobel ya Amani 1970 kwa kazi ya mbegu za ngano, nikajiuliza ngano na amani wapi na wapi, nikaanza kufuatilia ndo nikaelewa njaa inafanya nini kwa nchi. Sasa hivi nashughulika na mbegu, siku nyingine nashinda kwenye kompyuta na data, siku nyingine niko shambani nahesabu masuke, na sikuzaliwa na shamba.

Mwalimu wa Baiolojia
Nimesoma yote, asanteni sana. Swali la bustani limenikaa vibaya. Bustani yetu wanaenda waliochelewa na waliopiga kelele darasani. Mimi mwenyewe nimewapeleka, mara nyingi tu. Yaani miaka yote tumewafundisha kwamba jembe ni adhabu alafu mwaka wa mwisho nawauliza kwa nini hawalitaki. Nitaongea na mkuu wa shule tuache hilo. Naomba nianze na yale maharage, Mtu wa Udongo, nikiyapanda, vifundo vinaonekana baada ya muda gani?

Mtu wa Udongo
Wiki tatu nne baada ya kuota utaanza kuviona, ila subiri mpaka yakaribie kutoa maua ndo vinakuwa vingi na pinki yake imekolea. Na tafadhali usiweke mbolea ya naitrojeni kwa wingi, mmea ukishaipata ardhini unapunguza kutengeneza vifundo, watoto watang'oa wasione kitu. Kila mmoja apate shina lake, na ukucha wake.