Wahadhiri na gemu darasani: tatizo ni gemu au ni sisi wenyewe?

mkufunzi_mpole: Wadau salama? Nafundisha chuo, sasa kwenye kikao cha idara mwenzetu mmoja katoa wazo tuanze kutumia gemu za kidijitali kwenye vipindi, weee! wakongwe wakasema huo ni utoto, watu wazima walipe ada waje kucheza? Vijana nao wakashangilia ila nilipowauliza gemu ipi na kwa mada ipi wakabaki kutazamana. Mimi sizichukii, naogopa tu silabasi haitaisha. Kuna aliyejaribu akaona faida ya kweli, siyo kuchangamka tu?

chaki_na_maus: Mkuu hapo usiangalie umri. Kuna modeli ya Fred Davis ya 1989 kuhusu watu kupokea teknolojia, inasema mtu anapima vitu viwili, je hii itanisaidia kazi yangu na je ni rahisi kutumia. Sasa lekchara anapandishwa cheo kwa machapisho, mtihani wa mwisho ni ule ule wa karatasi, huko kuandaa gemu usiku kucha kutamsaidia nini? Ukisikia "utoto" mara nyingi ni "sina muda" iliyovalishwa suti.

bado_sijashawishika: Wengi wakisema gemu wanamaanisha Kahoot tu, ile ya kujibu maswali kwa kubonyeza kwenye simu. Ile ya Norwei ipo tangu 2013, inaamsha darasa lililosinzia sikatai, ila kwa kawaida ukijibu haraka ndo unapata pointi nyingi, na mimi nafundisha takwimu, nataka mtu afikiri siyo awahi kubonyeza. Mwenye kusoma taratibu anaonekana kilaza mbele ya wenzake. Pointi unaweza kuzizima ndiyo, ukizizima wanaanza kupiga miayo 😂

enzaimu: @bado_sijashawishika hiyo ni chemsha bongo tu, imepakwa rangi. Jaribu Foldit ya Chuo Kikuu cha Washington, ilitoka 2008. Protini ni kama mnyororo unaojikunja kupata umbo lake, sasa humo unaikunja wewe kwenye skrini, zile sehemu zinazokimbia maji ukiziacha nje alama zinashuka, mwanafunzi anaanza mwenyewe kuuliza kwanini zinashuka, na hilo swali ndo somo lenyewe, sijamlazimisha. Na siyo mchezo wa kitoto, 2011 wachezaji wake, wengi hata siyo wanasayansi, walisaidia kupata umbo la kimeng'enya (nacho ni protini) cha kirusi cha nyani kilichowasumbua wataalamu miaka mingi. Ila ukiwaacha wacheze halafu kipindi kiishe bila kujadili walichokiona umepoteza muda, mimi nusu ya kipindi ni mjadala. Na mada ambayo gemu haina cha kuongeza naandika ubaoni kama kawaida, sioni aibu.

mwaka_wa_pili: Niongee kama mwanafunzi, shikamooni. Siyo wote tunapenda gemu jamani, wengine tunataka notsi maana mtihani hautoki kwenye gemu. Mkileta gemu basi na mtihani uulize mambo ya humo.

mkufunzi_mpole: Marahaba, na umenena. Nitaanza na mada moja tu na swali lake moja kwenye mtihani. @enzaimu wasio na laptop unawafanyaje?

enzaimu: Watatu watatu kwa mashine moja, hata wenye zao wanazifunga. Wakibishana wapi pakunjwe inabidi kila mtu atoe sababu, we unapita tu unasikiliza nani kaelewa na nani anafuata mkumbo.