Mzazi karudi nyumbani baada ya operesheni, tupeane uzoefu wa kuuguza

#1
Wakuu, bimkubwa wangu ana miaka 74, aliteleza bafuni akavunjika nyonga, wakamfanyia operesheni wakaweka chuma, juzi karuhusiwa. Nilidhani hospitali ndo kazi kumbe kazi iko home. Choo chetu ni cha shimo na daktari kakataza kuchuchumaa, tukabaki tunaangaliana. Fundi wa mtaani kachukua kiti cha plastiki kakata tundu katikati, kingo kazipiga msasa, tunakiweka juu ya shimo na mmoja anakishikilia kwa nyuma. Shida sasa kutembea hataki, akiona wokeri (kile kifremu cha kushikilia akitembea) machozi, na dada anamwambia lala tu mama. Nyie mlifanyaje?

#2
Pole mkuu ila hiyo huruma ya dada ndo itamrudisha wodini. Sisi bibi tulimlaza wiki mbili tunamlisha uji kitandani, siku nambadilisha khanga nakuta kidonda juu ya makalio, saizi ya kizibo cha soda, wiki iliyofuata kinaingia kidole. Kilichukua miezi 4 kupona wakati mshono ulishakauka zamani. Mgeuzeni kila masaa mawili. Na dawa ya maumivu apewe kama nusu saa kabla ya kusimama, sisi tulikuwa tunampa akishamaliza kuumia, ujinga mtupu.

#3
Mzee wangu ilikuwa tezi dume. Mfuko wa mkojo lazima ukae chini ya usawa wa kibofu, shemeji alikuja kumsalimia akaupandisha kitandani eti unaning'inia vibaya 😅 Mkojo kuwa wekundu kidogo tuliambiwa kawaida, ila ukiona mabonge ya damu au mpira wa mkojo umeacha kutoa, msingoje asubuhi.
Kilichotutisha ni usiku wa tatu, kaniita kwa jina la marehemu mdogo wake anataka nimfungulie ng'ombe, na sisi tunakaa Mbagala, Dar, ng'ombe wa wapi? Shangazi akaanza habari za kurogwa. Daktari akasema wazee wengi huchanganyikiwa hivyo baada ya operesheni, akapima kama kuna maambukizi, akambadilishia dawa moja ya maumivu, akauliza kwani mzee havai miwani? Miwani iko kabatini tangu siku tumefika. Tukamvalisha, siku nne akawa sawa.

#4
Mimi niongelee ndugu. Kwenye grupu la familia kila mtu anatuma elfu ishirini na mikono ya maombi, anayelala chini kwenye godoro ni mimi. Nikapanga zamu, asiyekuja anamlipa dada wa kusaidia siku hiyo. Walininunia ila wanakuja.

#1
Asanteni. Dada nimempa simu asome mwenyewe, hakujibu kitu. Leo asubuhi kampa mama dawa, wakasubiri, kamshika kiuno taratibu mpaka mlango wa uani, hatua kumi na moja tumehesabu. Sasa hivi mama kakaa chini ya mwembe anafoka kwa nini uwanja haujafagiliwa.