Takrolimasi na funga ya Ramadhani kwa aliyepandikizwa figo

Muulizaji, Dar es Salaam

Assalamu alaykum. Mume wangu alipandikizwa figo mwaka jana, na humeza takrolimasi saa moja asubuhi na saa moja jioni, pamoja na mikofenoleti na prednisoloni, zote za kuzuia mwili usiikatae figo mpya. Ramadhani inakaribia naye ameazimia kufunga, akipanga kumeza dozi moja wakati wa daku na nyingine baada ya kufuturu. Aidha, ametokwa na utando mweupe mdomoni, na duka la dawa la mtaani limempa flukonazoli, dawa ya fangasi, bila kumuuliza anatumia dawa gani nyingine. Je, aimeze? Na mpango wake wa saa una madhara?

Mfamasia, Mombasa

Wa alaykum salaam, dada. Nianze na flukonazoli, kwa kuwa ndiyo ya haraka: asiimeze kabla ya kuzungumza na kliniki yake leo hii, na kama ameshaanza, waelezeni ameanza lini, wala asipunguze takrolimasi kwa kukisia. Dawa hiyo huzuia vimeng'enya vya ini na utumbo vinavyovunja takrolimasi, hivyo kiwango katika damu hupanda ingawa idadi ya vidonge ni ile ile, na figo tunayoilinda ndiyo huanza kuumia. Mikono kutetemeka na kichwa kuuma ni dalili zinazojulikana, lakini wapo ambao kiwango hupanda bila dalili yoyote. Daktari anaweza kuitumia akiona haja, ila hurekebisha dozi ya takrolimasi na kupima damu, kisha hupima tena flukonazoli inapokwisha, maana hapo kiwango hushuka. Klarithromaisini, ambayo ni antibiotiki, na balungi nazo hukipandisha. Rifampisini ya kifua kikuu hukishusha, tena kwa nguvu sana. Diklofenaki ya maumivu aiepuke kabisa.

Aliyepandikizwa figo, Zanzibar

Mimi nilipandikizwa India, kabla Muhimbili haijaanza huduma hiyo mwaka 2017. Shida ya daku na futari ni hesabu: kwetu mchana wa funga ni zaidi kidogo ya saa 13, kwa hiyo usiku hubaki karibu saa 11 tu, ilhali dawa hii hutakiwa kila baada ya saa 12, na juu ya hayo figo hukosa maji mchana kutwa kwenye joto. Daktari wangu alinikataza kufunga mwaka wa kwanza (na mgonjwa ana ruhusa, sioni sababu ya kuona haya). Baadaye alinihamishia kwenye takrolimasi inayotoka polepole, ya mara moja kwa siku, akanipima kwanza kabla ya Ramadhani kuingia. Shemeji asijinunulie aina hiyo mwenyewe, kwani haibadilishani na ya kawaida kidonge kwa kidonge.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Ameshameza flukonazoli jana na leo. Kliniki imemwita kesho saa mbili asubuhi. Je, ameze takrolimasi kabla ya kutoka nyumbani?

Mfamasia, Mombasa

Hapana, dada. Aichukue mkononi, atolewe damu kwanza, ndipo aimeze, isipokuwa kliniki imemwagiza vingine. Akiimeza kabla, kipimo kitaonyesha kiwango cha juu kisicho cha kweli na dozi inaweza kupunguzwa isivyostahili. Amweleze mpimaji saa aliyomeza dozi ya jioni, na aende na hiyo pakiti ya flukonazoli.