Mrejesho wa mwaka 2024: hesabu na watoto wa Bulengo

Ndugu na dada zangu, aksanti sana. Niliwauliza nifanyeje na watoto waliofika Goma vita vilipokaribia Sake, mji jirani na Goma, Februari 2024. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nawasaidia masomo kila Jumamosi kambini Bulengo, kambi ya waliokimbia vita karibu na Goma. Nilikuwa nafundisha hesabu kwa Kifaransa, nao wananitazama kimya.

Nilimsikiliza yaya mmoja kati yenu, yaani mkubwa wangu, aliyesema niweke Kifaransa pembeni kwanza. Tukaanza kwa Kiswahili, na kwa kuwa chaki hatuna, tukaokota mawe ya volkano, ambayo hapa kwetu hayakosekani. Mawe 8, watu 4. Msichana mmoja wa darasa la tano aliyapanga mawili mawili, akarudi nyuma, akayatazama, akasema polepole: «Kumbe robo ni hii.» Neno «un quart» lilikuja baadaye, na halikumtisha tena. Sasa watoto 14 kati ya 20 wanagawanya wenyewe.

Kilichosaidia zaidi ni kuwauliza wamama kuhusu saa. Kumbe asubuhi watoto wako kwenye foleni ya maji na mabidoni yao, yaani madumu! Tumehamia saa tisa alasiri, wanakuja.

Kwa vijana wakubwa nimeshindwa. Wanasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ili nyumbani upatikane unga, na wiki tatu sijawaona. Inaniuma sana. Daftari nilizowapa wachache zilileta ugomvi. Aliyenionya kati yenu alisema kweli. Safari ijayo wote wapate, ama nisigawe kabisa.