Kaburi la Newton au mnara wa Tatlin: lipi nitengeneze kwa uhalisia pepe?

Fundi_Michoro: Wakuu, habari za leo. Nataka kutengeneza jengo moja ambalo halijawahi kujengwa, mtu avae miwani ya VR (uhalisia pepe) aingie ndani. Nimebaki na mawili. Kaburi la kumbukumbu la Isaac Newton, yule mwanasayansi Mwingereza, alilolichora msanifu majengo Mfaransa Étienne-Louis Boullée mwaka 1784: tufe la takriban mita 150, limezungukwa na miberoshi. Au mnara wa msanii Vladimir Tatlin wa 1919–1920, chuma na kioo, mita 400, uliokusudiwa kusimama Petrograd, Urusi (leo St. Petersburg). Muda unaniruhusu moja tu.

Mwanakuba: Tufe. Tazama mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo kama limepasuliwa katikati: unapita ujia mrefu wenye giza, mara umesimama chini ya utupu mkubwa, kando ya jeneza la mawe. Mchana, vitundu vilivyotobolewa kubani vinapitisha mwanga, unaona nyota. Kwenye karatasi watu waliochorwa ni kama chembe za mchele. Ukivaa miwani, chembe ni wewe.

Pwani_Bara: Tatlin jamani! Kumbi zake zinazunguka: wa chini mara moja kwa mwaka, unaofuata kwa mwezi, wa tatu kwa siku. Karatasi haiwezi kuonyesha hilo.

Mwanakuba: Na jicho je? Mzunguko mmoja kwa siku ni nyuzi 15 kwa saa, huwezi kuuona. Ukiuharakisha, si mnara wa Tatlin tena, na aliye ndani atashikwa na kizunguzungu. Halafu mfano wake wa kwanza ulipotea, tuna picha na michoro michache. Viungo vingi vya chuma utavibuni mwenyewe.

Mita_Senti: Tufe hilo nimelijaribu. Kagua vipimo kwanza. Nilichora kwa mita, programu ikasoma sentimita, tufe likaingia na kimo cha mita moja na nusu, kichwa changu kimetokeza juu. Kingine ni vile vitundu: niliweka taa nyuma ya kila kimoja, picha ikawa inakwamakwama mpaka nikasikia kichefuchefu. Nilizifuta zote, nikaupaka mwanga ukutani kama rangi. Sasa imetulia.

Fundi_Michoro: Asante sana mkuu, nachukua tufe. Usiku wake ulifanyaje?

Mita_Senti: Taa moja tu, katikati ya pete za njia za sayari, ambazo Boullée alizichora zikining'inia ndani ya tufe. Usiizidishe nguvu. Simama pale kwenye jeneza, macho yazoee giza, utaona kuba linajitokeza polepole.