Tupeane uzoefu: kijana akienda bweni la wavulana pekee, anapata nini na nini huharibika?

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Januari vijana wanaripoti kidato cha kwanza, na wengine wamepangiwa bweni la wavulana pekee, kama Tabora Boys alikosoma Mwalimu Nyerere, au Mzumbe kule Morogoro. Walimu, walezi na wazazi mnaozijua shule hizi, wekeni mambo ya kumsaidia mzazi. Simulizi za "enzi zetu" tuziache, tunataka vitu vya kufanya.

Patroni
Faida ya kwanza ni kazi. Nyumbani kwetu wengi, ufagio na beseni vina wenyewe, dada zake. Bwenini hana wa kumsukumia. Ila afundishwe kufua kabla hajaondoka, tena kwa maji kidogo, ndoo mbili za lita 10. Shati jeupe liloweke peke yake. Sweta likitumbukia humo, shati limekwisha. Uchafu unakaa kwenye kola: ipake sabuni ya mche, kisha isugue nguo kwa nguo. Ukitumia brashi, nyuzi zinakatika na muhula hauishi kola imeota manyoya. Suuza mara mbili, maji ya mwisho yalowekee soksi. Nguo ianikwe ikiwa imegeuzwa nje ndani, na mwenyewe akae karibu mpaka ikauke, maana inayoachwa kambani bila mtu ndiyo inayoanuliwa na mwingine. Jina lishonwe kwa uzi ndani ya kola, wino unafutika.

Mzazi mwenzenu
Godoro futi mbili na nusu kwa sita, inchi 4 zinatosha. Watu hununua inchi 6 kwa huruma, kijana anapangiwa juu kwenye dabodeka, kitanda cha ghorofa, godoro linakuwa sawa na bomba la kumzuia, akijigeuza usiku yuko chini. Tranka iwe na kufuli la funguo mbili, mmoja akabidhiwe mlezi.

Mwalimu wa Kiswahili
Darasani faida yake haizungumzwi sana. Kwenye tamthilia, wahusika wanawake lazima waigizwe na wavulana wenyewe. Wiki ya kwanza wanaona haya, baadaye wanagombea nafasi. Mvulana anasoma shairi kwa sauti bila kuogopa kuchekwa na wasichana. Hasara ni kwamba anaweza kumaliza kidato cha nne hajui kubishana kwa heshima na msichana, hivyo ulizeni kama shule ina midahalo na shule za wasichana.
Kwenye prepo, yaani kujisomea jioni, kikundi kiwe na watu wanne au watano. Wakifika kumi, wawili wanakokotoa na wanane wananakili.

Mlezi wa bweni
Niseme penye maumivu. Bweni la wavulana huharibiwa na uonevu kwa njuka, yaani wanafunzi wageni: kufulishwa nguo za wakubwa, kunyang'anywa sukari, kuamshwa usiku wa manane. Hukua pale viranja wanapoachiwa bweni. Dawa yake ni njuka walale bweni lao, mlezi akae jirani, na kuhesabu watu kusiwe na saa maalumu. Saa ikijulikana, watoto huonewa baada ya hapo.
Anayeonewa kuliko wote ni mtoto anayekojoa kitandani. Mzazi, usifiche. Mwambie mlezi faraghani siku ya kuripoti. Apewe kitanda cha chini karibu na mlango, nailoni nene itandikwe kati ya godoro na shuka, awe na shuka nne, na aamshwe taratibu kama saa 5 usiku aende chooni. Asizuiwe kunywa maji mchana. Akichapwa au akitangazwa paredi, hofu inaongeza tatizo, na wengi wa namna hiyo hutoroka shule.

Mwanzisha uzi
Asante sana mlezi. Na usalama wa jengo?

Patroni
Mkuu, Machi 2001 shule ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, moto uliua wavulana 67 bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana nondo. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, na kitanda hadi kitanda ziwe mita 1.2. Siku ya kumpeleka kijana, ingia bwenini, sukuma dirisha uone kama linafunguka, na uulize funguo za mlango wa pili usiku hukaa kwa nani.