Naomba ushauri: huu ni mwezi wangu wa tano najitolea Ujerumani, kila jioni natamani kurudi nyumbani

Wakuu, heshima kwenu. Ni binti wa miaka 23, kwetu Lushoto. Septemba nilikuja Ujerumani kujitolea mwaka mmoja kwenye nyumba ya wazee, kupitia weltwärts, ule mpango ambao zamani ulikuwa unapeleka vijana wao tu kwetu, na tangu 2013 na sisi tunakuja kwao. Mji ni mdogo, uko kaskazini. Mimi wa Lushoto nilidhani baridi naijua. Nilikuwa sijui kitu. Desemba jua lilikuwa linazama saa kumi jioni, na Jumapili maduka yote yamefungwa, barabarani husikii hata mbwa.

Kazi yenyewe siichukii. Asubuhi napaka siagi mikate ya wazee, nawakatia kingo ngumu wasio na meno, kisha nawasukuma kwenye viti vya magurudumu hadi dirishani. Shida ni jioni. Kuna bibi mmoja, amevuka 85, ana ugonjwa wa kusahau. Giza likianza tu anavaa koti, anakumbatia mkoba wake, anasimama mlangoni: „nach Hause, nach Hause“. Nyumbani, nyumbani. Ndiyo maneno ya kwanza ya Kijerumani niliyoelewa bila kutazama simu. Kazi yangu ni kumshika mkono nimrudishe mezani, nimwambie tunywe kwanza chai. Zamu ikiisha napanda baiskeli hadi chumbani kwangu, nikifunga mlango nalia.

Na siwezi kumwambia mtu. Mama nilimgusia kidogo, akasema, "Mwanangu, wenzako wanazama baharini wakitafuta kufika huko." Kaka anataka simu mpya. Posho yangu ni ya mfukoni, yuro 400 na ushee, chumba na bima wanalipa wao. Nikieleza hivyo naonekana mchoyo.

Nisiwe mnafiki, kuna nilichopata. Nilikuja sijui baiskeli, leo naendesha kwenye theluji. Nimejifunza kumwambia mkubwa wangu wa kazi "hili siliwezi" nikiwa nimemtazama usoni, jambo ambalo kwetu nisingethubutu. Ila na ubaya umeingia: juzi mama alisema atapiga saa mbili akapiga saa tatu, nikamkaripia. Mama yangu!

Wiki mbili zijazo tuna semina ya katikati ya mwaka. Nataka nikawaambie narudi. Nitakuwa nimekosea? Mliopita huku, hii hali huwa inaisha?

Mzee wa Tandale:
Watu wanauza mashamba wafike huko, wewe unalia baridi. Kaza buti.

Kandambili Nyekundu:
Mzee, hakuna aliyeuliza habari za mashamba.

Mdogo wangu, pole. Mimi nilikuwa Bielefeld 2017, kwa watu wenye ulemavu. Januari na Februari ndiyo miezi mibaya kuliko yote. Krismasi imepita, taa zimetolewa, na semina bado. Mimi iliisha Aprili, na sitakudanganya kwamba ilitokana na ujasiri wangu. Jua lilirudi tu.

Kitu kimoja nilichokosea ni simu. Nilikuwa napiga baada ya zamu. Majira haya nyumbani wako mbele ya Ujerumani saa mbili, kwa hiyo ukimaliza kazi saa mbili usiku, kwa mama ni saa nne, ameshasinzia. Mnaongea watu wawili waliochoka, kila mmoja anamficha mwenzake. Piga Jumamosi mchana wakati wanapika. Mwambie aegeshe simu kwenye kabati la vyombo aendelee na shughuli zake, wala msiongee. Mimi nilikuwa nasikia nazi ikikunwa na mdogo wangu akigombezwa, ilinitosha wiki nzima.

La pili, tafuta chama: kwaya, mpira, hata zimamoto wa kujitolea. Mjerumani hatakukaribisha kwake ghafla, lakini ukikosa mazoezi Jumanne mbili atauliza uko wapi. Na usishangae kwenu kukitajwa. Mimi nilisikia Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili ya mkoani Tanga, ikizungumzwa mezani kule Bethel, taasisi ya wenye ulemavu ya Bielefeld, na watu walioijua hospitali ile kuliko mimi niliyesoma Tanga.

Mwisho, unakula nini? Maana kama ni mkate baridi na jibini kila jioni, hata mimi ningelia.

Mama Wawili, Njombe:
Mwanangu, mimi nimepokea vijana wa Kijerumani nyumbani kwangu, watatu kwa miaka tofauti. Wa kwanza, mwezi wake wa tatu, alijifungia chumbani siku mbili. Tukadhani malaria, tukampeleka kupima, hana. Kumbe analilia mkate wa kwao, ule mweusi mgumu kama tofali! Tulicheka, yeye akalia zaidi, nikaona haya. Nikamweka jikoni karibu na moto amenye viazi na mimi. Hatukuwa na lugha. Alimenya ndoo nzima. Na wewe huko, usikae chumbani peke yako. Kaa hata jikoni kwa wale wapishi.

Nilirudi Mapema:
Mimi niliacha mwezi wangu wa saba. Mtaani walisema wiki tatu wakachoka. Kurudi sijutii, nilichojutia ni kuondoka bila kuwaaga watoto wa chekechea niliyokuwa nafanya kazi, kwa aibu. Hadi leo inanisumbua.

Ila jichunguze. Kukumbuka nyumbani huku unakula na unalala ni jambo moja. Kama hulali, huli, na kutoka kitandani ni vita kila siku, hiyo nenda kwa daktari, bima unayo. Na usisubiri semina, ongea na mentori wako wiki hii. Mimi nilisubiri, nilipofika pale nilikuwa nimeshaamua, hakuna aliyeweza kunisaidia.

Mleta mada:
Asanteni, hata wewe Mzee wa Tandale. Nalala, nakula. Mentori tunaonana Alhamisi. Kurudi bado sijaamua.

Leo nimemuuliza muuguzi nyumbani kwa yule bibi ni wapi, labda kuna mtu wa kumpigia. Akasema alizaliwa Breslau, walifukuzwa 1945 akiwa mtoto. Mji upo, siku hizi uko Poland na una jina jingine. Kwa hiyo jioni alipovaa koti sikumwambia habari za chai. Nimemuuliza, kwa Kijerumani changu cha kuunga, kwenu kuna nini? Akakaa chini na koti lake. Ameongea hadi chakula kikapoa, nimeambulia maneno machache: mabata bukini, mto, kaka yake. Halafu akaniuliza, na kwenu?

Nikakosa msamiati wa kumweleza Lushoto.

Kandambili Nyekundu:
Mwonyeshe picha. Na hujajibu la chakula. Supamaketi yoyote tafuta Hartweizengrieß, ni semolina, inasonga ugali vizuri kabisa.

Mleta mada:
Nimenunua. Umetoka na madonge, lakini nimemaliza sufuria.